Joto la Chumba cha Evgen

Rozina alizinunua saa zile mbili huko Graz, Austria, anakoishi, kwa bei ya kutupa, siku chache kabla ya Krismasi, akawaletea kaka zake. Alichagua mbili zinazofanana kabisa, rangi na ukubwa, kwa sababu alijua zikitofautiana hata kidogo Geza angesema Evgen ndiye aliyepewa nzuri.

Kaka zake hao walikuwa wanakaa nyumba moja na hawasemeshani. Ni ile nyumba ndefu ya kizamani inayotazamana na yangu, ng'ambo ya barabara. Baba yao alipofariki ilikatwa kwa ukuta katikati. Geza, aliye mkubwa, akachukua upande wa barabarani na mkewe Irma. Evgen, ambaye hakuoa, akabaki na mama yao upande unaotazama mashamba ya malenge. Milango ni miwili, lakini ua ni mmoja, kisima kimoja na lango moja. Ukikaa humo huna pa kumkwepa mwenzako, na wao walikwepana miaka.

Chanzo kilikuwa mama. Alipofika mahali pa kutoweza kusimama, Evgen alimlea peke yake, kwa sababu Irma naye alikuwa ameanza kuugua na Geza kila siku yuko hospitalini kwa mkewe. Siku moja Evgen akamfunga mama shali, akamwingiza kwenye gari na kumpeleka nyumba ya wazee mjini. Hakumuuliza mtu. Mama akafia huko kabla zabibu hazijaiva. Kwenye chakula cha msiba, sisi sote tumekaa mezani, Geza akainua kichwa kwenye sahani yake akasema, "Umemtupa mama kama paka mzee."

Evgen aliweka kijiko chini, akachukua kofia yake akatoka. Basi. Irma alipozikwa, Evgen alisimama nyuma kabisa karibu na ukuta wa makaburi, akaondoka bila kumpa kaka yake mkono, na Geza hilo nalo akaliweka moyoni.

Siku Rozina alipokuja na saa, nilikuwa jikoni kwa Geza. Nilikuwa nimempelekea kipande cha keki yenye kokwa za jozi. Rozina akazitoa kwenye boksi mbele yetu: saa yenyewe ya kioo kipana chenye tarakimu nyeusi, na kidude kidogo cheupe, ukubwa wa boksi la kiberiti, cha kupimia joto la nje.

"Kwanza betri za hiki kidogo," akasema. "Zake ndizo za kwanza, halafu za saa. Ukianza na saa wakati kidogo kimelala, itatafuta na kushika chochote itakachokisikia."

"Itashika nini? Redio ya Vatikani?"

"Kaa kitako, kaka. Na usiguse vitufe."

Akaviweka bega kwa bega juu ya meza, tukavitazama. Baada ya muda, upande wa chini wa kioo zikatokea nyuzi za joto, zilezile za jikoni, maana kidude bado kilikuwa ndani. Geza akanyoosha kidole.

"Nimesema usiguse," Rozina akamwambia. "Sasa inatafuta majira. Kuna mnara kule Ujerumani, karibu na Frankfurt, unatuma saa kwa mawimbi ya redio. Kile kialama kinachopepesa ni cha mnara. Kikitulia, imepata."

"Hata kanisani hatuambiwi tunyamaze hivi," Geza akanong'ona, nami nikacheka.

Haikupata mnara pale mezani. Rozina akaihamisha mbali na friji, akaihamisha mbali na televisheni, mwisho akaisimamisha dirishani upande wa magharibi, tukala keki. Tuliporudi kuitazama, kialama kilikuwa kimetulia, na saa ilikuwa inasema saa, dakika, siku na tarehe. Geza akalinganisha na saa yake ya mkononi aliyopewa alipostaafu kiwanda cha nguo, akakuta yake iko nyuma. Hakupenda. Kisha tukatoka wote uani. Geza akapanda ngazi, akakifunga kidude kwa skrubu chini ya upenu, upande usiopigwa na jua, kama karatasi ya maelekezo ilivyotaka. Tukarudi ndani mbio, kama watoto, kutazama nyuzi zikishuka.

Rozina akabeba boksi la pili akazunguka kwa Evgen. Alirudi baadaye akasema ameiwasha na inafanya kazi vizuri. Kidude cha nje, Evgen ameahidi kukitundika mwenyewe mgongo wake ukipoa. Kwa wakati huo kiko juu ya rafu, kando ya kitanda.

"Hajawahi kutundika kitu huyo," Geza akasema, akitazama dirishani.

Mwaka mpya ukaingia na baridi kali. Theluji ilifika madirishani, na kisima ikabidi tukifunge kwa magunia. Asubuhi moja Geza akaona mahali pa joto la nje pamebaki vistari viwili tu. Alikuwa ameshaizoea saa ile. Kila asubuhi akinywa kahawa alikuwa anapenda kunipigia simu na kuniambia nyuzi ngapi chini ya sifuri, kana kwamba mimi sina dirisha. Akafanya alichoona ni sawa: akafungua mgongo wa saa, akatoa betri, akaweka mbili alizozitoa kwenye tochi. Saa ikafa, ikafufuka, ikaanza kutafuta. Baada ya kahawa ya pili vistari vikaondoka, na pale pa joto la nje pakaandikwa ishirini na moja.

Akampigia Rozina simu. Amenisimulia mazungumzo hayo mara nyingi, kwanza kwa kicheko, baadaye bila kicheko.

"Saa yako imechanganyikiwa," akamwambia. "Nje theluji imefika kiunoni, yenyewe inasema kiangazi."

"Umebadilisha betri za wapi?"

"Za saa."

"Na za kidude cha nje?"

"Nipande ngazi kwenye barafu hii nivunjike?"

"Basi za kidude zimekufa kwa baridi, na saa imemshika jirani. Hiyo ni ya Evgen, kaka. Unasoma joto la chumba chake. Nunua betri nzuri, weka kwenye kidude, halafu anza upya kama nilivyokuonyesha. Si kazi kubwa."

"Nitafanya," akasema.

Betri alinunua, nilimwona nazo dukani. Akaziweka kwenye droo ya meza pamoja na vijiko, na hakuzitoa.

Mwanzoni aliniambia ni uvivu na barafu. Lakini nilikuwa naingia jikoni kwake namkuta kaivuta saa karibu na kikombe. Alikuwa amejifunza nyumba ya pili kwa tarakimu. Akajua Evgen akiwasha jiko la kuni asubuhi, nyuzi zinaanza kupanda polepole. Akajua Jumapili zinapanda zaidi, maana Evgen anapika mchuzi wake wa nyama na viazi na kuuacha juu ya jiko hadi mchana. Akajua anaporuhusu moto ufe na anapolala.

"Leo kachelewa kuamka mvivu yule," aliniambia asubuhi moja. "Tazama, bado kumi na sita."

"Ukitaka habari zake, mlango wake ule pale, Geza. Unauona hata ukiwa umekaa."

"Nani kasema nataka habari zake?"

"Unaichungulia saa hiyo kuliko mchumba."

Akainuka kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kuna jambo moja zaidi la mwezi huo, na hili nililiona kwa macho yangu kwa sababu nilikuwa natoa theluji langoni kwangu. Geza alikuwa anatoka bandani na kuni mikononi. Evgen akafungua mlango wake, akasimama kizingitini bila koti, kakonda kuliko nilivyomkumbuka. Akasema, "Geza, saa yako nayo inakwenda vizuri?"

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu msiba wa mama. Nilisimamisha koleo. Mtu yeyote angejua haulizi saa, hata Geza alijua.

"Inakwenda inavyokwenda," Geza akajibu, akaingia ndani, akafunga mlango kwa mguu.

Evgen akabaki pale kidogo, akanipungia mkono kwa adabu, akaingia. Jioni yake nilimwambia Geza kwamba amekosea. Akasema, "Miaka yote hii, leo ndiyo ananiulizia saa." Aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakulala, na kwamba alikuwa amepanga mara Evgen akiuliza tena, atajibu vizuri. Akangoja aulizwe.

Ilikuwa Februari, siku kavu, anga jeupe. Geza aliamka akakuta nyuzi kumi na tano. Akasema moyoni mvivu kalala. Akanywa kahawa. Ikawa kumi na nne. Alipomaliza kulisha kuku ikawa kumi na mbili. Akasema basi leo hatimaye kakitundika kidude nje. Lakini Geza alikuwa fundi wa mitambo maisha yake yote, na alijua kwamba kitu ukikitoa nje kwenye baridi ile kinaporomoka mara moja hadi chini ya sifuri. Hakishuki kidogokidogo, nyuzi baada ya nyuzi, kama chumba ambacho moto wake umekufa.

Akatoka uani. Bomba la moshi la Evgen halikuwa na moshi. Theluji mbele ya mlango wake haikuwa na alama za viatu. Akasema labda kaenda kwa Rozina. Angeendaje bila kukanyaga theluji, swali hilo alijiuliza akalipita. Alisimama pale, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu aliyesahau alichofuata. Alikwenda hadi katikati ya ua. Akafikiri: nikibisha, atafungua akiwa na blanketi mabegani, mzima kabisa, aniulize nataka nini, nami niseme nini? Kwamba nimekuwa nikikuchungulia kwenye saa?

Akarudi ndani.

Mchana alinyanyua simu ampigie Rozina, akairudisha. Kama angeuliza kama Evgen yuko Graz, Rozina angesema kumbe unamjali. Alisikiliza ukutani, hakusikia kitu. Lakini hata siku za kawaida ukuta ule ulikuwa mnene. Akajiambia kama mtu ni mgonjwa atagonga. Jua lilipozama saa ilisema nyuzi tisa. Akaigeuza ikatazama ukuta, akawasha televisheni.

Asubuhi alipoigeuza zilikuwa nyuzi nne.

Alikuja kwangu bila kofia. "Jola," akasema, "njoo nami." Hakueleza, nami sikuuliza, nilimwona uso. Alibeba shoka kwa ajili ya mlango wa ndugu yake, na mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Evgen hakuwa na desturi ya kuufunga. Nadhani hilo lilimuumiza Geza kuliko yote: kitasa kilizunguka kirahisi, hata mtoto angekifungua.

Evgen alikuwa sakafuni kati ya kitanda na jiko, ubavuni, na njiti za kuwashia moto zimetawanyika karibu na mkono wake. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi yakatutazama, lakini mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na sauti iliyotoka haikuwa neno. Geza akapiga magoti, akavua sweta lake akamfunika, akamlalia juu kwa kifua chake kumpa joto, na mimi nikakimbilia simu. Mpaka gari la wagonjwa lilipofika alikuwa bado kamlalia vile, akirudia, "Mimi hapa, mdogo wangu, mimi hapa." Mkono wa kushoto wa Evgen, ule uliobaki na nguvu, ulikuwa umeshika kola ya shati la kaka yake. Wauguzi iliwabidi wafungue vidole.

Rozina alifika mchana ule. Tulikaa watatu ukumbini hospitalini, akatoka daktari kijana, mwanamke, sauti ya taratibu. Akasema ni kiharusi, na mapafu yameshika baridi, lakini ataishi. Akauliza alianguka lini.

"Jana asubuhi," Geza akasema.

"Mlimkuta leo. Mnajuaje kwamba ilikuwa jana?"

"Chumba kilianza kupoa jana asubuhi."

Daktari hakuelewa, akamtazama Rozina. Rozina alikuwa ameelewa. Hakupandisha sauti.

"Hukuzibadilisha zile betri," akasema.

"Hapana."

"Ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

Geza akamuuliza daktari ana kwa ana kama ingekuwa tofauti angeletwa siku ya kwanza. Daktari akasema hakuna anayeweza kujua kwa hakika, lakini kwa ugonjwa huu mapema siku zote ni bora. Akamgusa Geza begani akaondoka. Rozina alihamia kiti cha pembeni, akakaa peke yake. Baada ya kitambo kirefu akarudi akakaa karibu na kaka yake, ila hakumshika mkono.

Upande wa kulia wa Evgen haukurudi, na maneno hayakurudi, isipokuwa moja. Neno hilo lilikuwa "kesho". Ukimuuliza anataka maji, alisema kesho. Ukimwambia jina lako, kesho. Daktari alisema hutokea hivyo, neno moja hubaki mdomoni na mgonjwa hana uwezo wa kulichagua.

Hospitali ilipotaka kumruhusu, Rozina alizungumzia nyumba ya wazee. Geza akakataa katakata. Mwezi Machi akamleta Evgen kwake, upande wa barabarani, akampa kitanda cha Irma. Nilikuwa naingia asubuhi na jioni kusaidia, nami nilikuwa na wangu wa kuwatunza. Geza alimlisha, akamwosha, akambadilisha mashuka, akamgeuza ubavu kila mara ili ngozi isichubuke. Alikuwa amevuka sabini. Mwisho wa Machi, wakati huku kwetu saa zote husogezwa mbele saa moja, ile ya dirishani ilijisogeza yenyewe, na Geza hakujua mpaka nilipomwambia. Alikuwa hajaitazama wiki kadhaa. Hakuwa anajua hata siku.

Ikaja siku wakaanguka wote wawili, kati ya kitanda na choo. Nilipoingia niliwakuta sakafuni, Geza chini, Evgen juu yake, na hakuna aliyeumia sana ila hakuna aliyeweza kuinuka. Niliita vijana wa zimamoto kutoka kituo cha kijijini wakawainua. Walipoondoka Geza alikaa ukingoni mwa kitanda, anapumua kama farasi.

"Mama alikuwa mzito kuliko huyu," akasema.

"Alikuwa mzito."

"Na yeye mgongo wake mbovu tangu ujana. Alimwinua mwaka mzima, Jola. Mimi nimeshindwa hata kumaliza miezi miwili."

"Ulikuwa na Irma. Hakuna aliyekusema."

"Mimi nilimsema yeye. Mbele ya kijiji kizima, na supu mdomoni."

Evgen alikuwa amelala palepale, anamtazama. Geza akageuka akamwambia yote hayo tena, uso kwa uso, akataja paka mzee, akataja mlango aliofunga kwa mguu, akataja saa na ile siku nzima. Sijawahi kumsikia mtu akijisema hivyo bila kujitetea hata kwa neno moja. Mwisho akauliza, "Utanisamehe?"

"Kesho," Evgen akasema.

Geza akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu la haki.

Wiki ya Pasaka alimpeleka nyumba ya wazee, ileile. Alimfunga shali mwenyewe. Rozina alitaka kusaini yeye, kumpunguzia, Geza akamwambia hapana, hii ni yangu.

Evgen aliishi huko hadi alipofariki, msimu wa malenge. Geza alipanda basi karibu kila siku, na siku nilizokwenda naye nilimkuta akimnyoa. Wahudumu wangemnyoa, lakini alibeba brashi, sabuni na wembe wa baba yao ndani ya taulo. Alimpaka povu, akamvuta shavu, akamnyoa polepole, akimpa habari: nani kafa, nani kauza trekta, mbegu za malenge mwaka huu zimetoa mafuta kiasi gani. Kila alipomaliza, wakati wa kukunja taulo, aliuliza lile swali lake tena, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wengine wasisikie. Jibu lilikuwa lilelile. Wakati mwingine Evgen alilisema huku akicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki, wakati mwingine alilisema huku akitazama pembeni, na Geza njiani kurudi alikuwa akiniuliza leo limetoka vipi, kwa maoni yangu.

Nilimwambia ninavyofikiri, kwamba alikuwa amemsamehe siku nyingi, tangu pale sakafuni aliposhika kola. Geza alisikiliza hadi mwisho.

"Inawezekana," akasema. "Lakini pale alikuwa anasikia baridi."

Nyumba ile ndefu sasa ina mtu mmoja. Rozina alimshauri auze upande wa Evgen, kuna wanandoa vijana kutoka mjini wameuulizia, wana mtoto mchanga. Geza bado hajajibu. Asubuhi za baridi namwona anavuka ua na kuni kifuani, anaingia kwa mlango wa Evgen, na baada ya muda moshi unaanza kutoka kwenye bomba la upande ule. Anasema ni kwa ajili ya kuta, zisiingie unyevu.